Shamba la Bei Nafuu Nje ya Dar: Namna ya Kununua Bila Kupigwa

Bei ya kiwanja kimoja cha Goba au Madale inanunua ekari kadhaa kwenye vijiji vya ndani vya Mkuranga, Kisarawe au Bagamoyo. Ndiyo maana Jumamosi asubuhi stendi za Mbagala Rangi Tatu na Mbezi hazikosi watu waliovaa buti, wameambiwa na dalali kwamba shamba "lipo barabarani kabisa". Waswahili husema rahisi ghali. Kwa shamba msemo huo ni kweli nusu. Ardhi ikiuzwa bei ya chini ina sababu, na sababu ni za aina mbili: za kuvumilika, na za kukutoa ukalia. Kazi ya mnunuzi ni kuijua sababu kabla hela haijatoka mfukoni.

Za kuvumilika ni kama barabara ya vumbi, maji ya mbali, umeme ambao haujafika, au mwenye shamba kabanwa na ada ya shule. Hizo ndizo za kupunguziana bei. Za kukutoa ni shamba lililo ndani ya hifadhi, mirathi ambayo haijagawanywa, shamba lililokwisha kuuzwa kwa mwingine, au eneo lililo kwenye mkuza, yaani njia iliyotengwa, wa umeme, bomba, reli au barabara. Shamba la namna hiyo hata ukipewa bure usilichukue, maana utalifyeka, utalijengea, kisha utalihama.

Upande gani wa kutokea

Ukifuata Barabara ya Kilwa unapata Vikindu, Mkuranga, Kimanzichana na mbele yake Kibiti. Udongo wake kwa sehemu kubwa ni wa kichanga: unapenda mihogo, mikorosho, minazi na michungwa, haushiki maji. Ukipitia Pugu unaingia Kisarawe na vijiji vya kuelekea Maneromango na Mzenga, kwenye vilima na miembe mikubwa. Barabara ya Morogoro inakupeleka Kibaha, Mlandizi, Ruvu hadi Chalinze. Kule chini kwenye bonde la Ruvu kuna udongo mweusi mzito, mzuri kwa mpunga na mboga, mbaya mno kwa msingi wa nyumba. Barabara ya Bagamoyo inakufikisha Kiwangwa, kwenye mananasi, hadi Msata.

Kila upande una mitego yake. Kisarawe kuna misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi. Watu waliuziwa humo, wakajenga, wakaondolewa. Kibaha kuna misitu ya Ruvu Kusini na Ruvu Kaskazini. Mkuranga kuna msitu wa Vikindu, na bomba la gesi litokalo Mtwara linakatiza wilaya hiyo. Zinga na Mlingotini, upande wa Bagamoyo, ni majina yanayotajwa kila mradi wa bandari na ukanda wa viwanda unapozungumzwa, kwa hiyo hapo uliza mara mbili. Tangu treni ya SGR ianze safari mwaka 2024, kila shamba la Kibaha Vijijini limekuwa "karibu na stesheni". Stesheni za Soga na Ruvu zipo kweli, ila muulize dalali ni mwendo wa dakika ngapi wa bodaboda, halafu panda hiyo bodaboda mwenyewe.

Barabara nazo zina mipaka yake. Barabara kuu na za mkoa zina hifadhi ya mita 60, yaani mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Zamani ilikuwa mita 45 kwa jumla. Ndiyo sababu ya zile X za rangi mbili kwenye kuta: nyekundu ni aliyeingia ndani ya hifadhi ya zamani, halipwi, na kijani ni aliyefuatwa na barabara, anastahili fidia. Kati ya Kimara na Kiluvya hifadhi ya Barabara ya Morogoro ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, na bomoabomoa ya mwaka 2017 ilizipitia nyumba zilizokuwa na sebule, geti na miti ya matunda. Shamba la "barabarani kabisa" lipimwe kwanza kutoka katikati ya lami.

Mito na pwani hivyo hivyo. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia ujenzi na shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ufukwe. Ekari moja ya mraba ina ubavu wa mita 64 hivi. Ukiuziwa ekari moja inayogusa Mto Ruvu, umenunua mahali pa kupumzikia tu.

Kijiji au mtaa?

Hili ndilo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji, maana karatasi zote zinafuata jibu lake. Mkoa wa Dar es Salaam wote ni mitaa, hata Kigamboni kule mwisho. Ukivuka kuingia Pwani unakuta vijiji, lakini miji midogo kama Mlandizi nayo ina maeneo yaliyotangazwa kuwa ya mipango miji.

Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Mwenyekiti si halmashauri. Mtendaji peke yake si halmashauri. Halmashauri ni kikao cha wajumbe 15 hadi 25, kina mahudhurio na muhtasari, na ndicho kinachoridhia mauziano. Kama ni pori la kijiji linalogawiwa upya, basi hata halmashauri haitoshi, lazima mkutano mkuu wa kijiji uridhie kwanza. Na ukomo wa kijiji kugawa ni hekta 20, takriban ekari 50. Zaidi ya hapo maombi yanapanda wilayani na juu zaidi. Kwa hiyo mtu anayekuuzia ekari 200 kwa mhuri wa kijiji amekuuzia mhuri.

Sheria hiyo pia inataka anayehamishiwa ardhi awe anaishi au anafanya kazi kijijini, au ana nia ya kufanya hivyo ndani ya mwaka. Wanakijiji wanaijua vizuri kuliko watu wa mjini wanavyodhani. Mnunuzi anayeacha shamba liwe msitu ndiye wa kwanza kusahaulika.

Kwenye mtaa mambo ni tofauti. Mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kugawa wala kuidhinisha ardhi. Anakufaa kama shahidi anayemfahamu muuzaji, basi. Ukweli uko kwa afisa ardhi wa halmashauri ya wilaya au mji, na kama eneo lina hati, kwa msajili wa hati. Uliza namba ya kiwanja na kitalu, kisha omba upekuzi rasmi. Utaonyeshwa jina la mmiliki, kama kuna mkopo wa benki juu yake, na kama kuna zuio la mahakama. Kwa Pwani ofisi ya ardhi ya mkoa iko Kibaha.

Kampuni za kuuza viwanja kwa awamu zinahitaji neno lake. Kuona bikoni, yale mawe ya mipaka, zimechimbiwa si kuona kiwanja kilichopimwa. Bikoni inaweza kusimikwa leo na ramani ikaja kukataliwa baada ya miaka miwili. Omba vitu vitatu: hati ya shamba mama kwa jina la kampuni, mchoro wa mipango miji uliopitishwa, na namba ya ramani ya upimaji iliyosajiliwa. Ukijibiwa "ipo kwenye mchakato", lipa kwa kasi ya huo mchakato.

Muuzaji ni nani

Usianze na muuzaji, anza na majirani. Shamba kwa kawaida lina pande nne, kwa hiyo mara nyingi lina majirani kama wanne. Waendee bila dalali, kwa salamu na staha, ukiwaambia unafikiria kuwa jirani yao. Waulize: hapa ni pa nani, alipapataje, nani alikuwa analima msimu uliopita, korosho za hapa nani anaokota. Swali la korosho lina nguvu kuliko yote. Muuzaji anaweza kudai shamba ni lake, kumbe kila Oktoba shangazi yake ndiye anayeokota. Ukisikia hivyo, ujue kuna mtu wa pili ambaye sahihi yake haijatafutwa.

Tazama mipaka ya asili: minyaa, mibono, mkonge, mnazi uliopandwa peke yake kwenye kona. Minyaa iliyokomaa haidanganyi, ila kigingi kibichi cha jana kinadanganya. Tazama makaburi pia. Shamba lenye makaburi linauzika, lakini ukoo utabaki na haki ya kuja kuzuru na kufagia, na mkataba ueleze ukubwa wa eneo la makaburi na njia ya kupita.

Kama mwenye shamba ni marehemu, hakuna mtoto, mjane wala kaka mwenye uwezo wa kuuza kwa sababu tu ni mtoto, mjane au kaka. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa kawaida Mahakama ya Mwanzo, na ana barua yake. Muhtasari wa kikao cha ukoo ni hatua ya kumpendekeza, haumpi mamlaka ya kuuza. Isome barua, kisha nenda kwenye mahakama iliyoandikwa humo na namba ya shauri. Warithi wote watu wazima watie sahihi au dole gumba.

Mwenye ndoa asiuze bila mwenza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inalinda nyumba ya familia, na kesi za mke aliyerudi kudai ni nyingi kiasi kwamba hakuna wakili makini anayeandaa mkataba bila ridhaa ya maandishi. Kama mzee ana wake watatu, tafuta ridhaa tatu.

Hatua 70 za nani?

Vijijini ekari hupimwa hatua 70 kwa 70. Kipimo chenyewe si kibaya. Ekari ni mita za mraba 4,047, na hatua ya yadi moja, yaani sentimita 91, ikitembewa mara 70 inakupa mita 64. Shida iko kwenye miguu. Kijana wa muuzaji akitembea kwa hatua za sentimita 75, zake 70 ni mita 52.5, na shamba linakuwa mita za mraba 2,756. Umelipia ekari moja, umepata kama theluthi mbili. Kwenye ekari tano, hiyo ni zaidi ya ekari moja na nusu imeyeyuka mbele ya macho yako huku unahesabu naye kwa sauti.

Hila ya pili ni ya umbo. Unaonyeshwa mbele hatua 70 na ubavuni 70, jua kali, pori limefunga, hakuna anayetaka kwenda nyuma. Nyuma kumbe ni hatua 40. Hapo una ekari 0.79.

Nenda na futi ya mita 50 au 100. Kamba iache, inavutika. Fyeka njia kwenye mipaka yote minne, ikibidi lipa vijana nusu siku. Pima pande nne, kisha pima pembe kwa pembe. Ekari iliyo mraba kamili ina pande za mita 63.6 na mshazari wa mita 90 kila mmoja. Pande zikilingana lakini mishazari ikapishana sana, shamba limelala upande na eneo lake ni dogo kuliko unavyofikiri. Andika pia viwianishi, yaani namba za GPS, vya kila kona kwa simu. Vina makosa ya mita kadhaa, havifai kwa ugomvi wa mpaka, lakini vinatosha kumpelekea afisa ardhi au mtu wa misitu akuambie kama pointi hizo zimo ndani ya hifadhi. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya viwianishi, na watu wachache wanaifanya.

Ukitarajia kuweka hati baadaye, mlete mpima ardhi aliyesajiliwa kabla ya kulipa. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kununua mara mbili.

Maji, udongo na nyumba

Shamba litazamwe mara mbili, na mara moja kati ya hizo iwe masika, Machi hadi Mei. Wauzaji wengi hupenda kuonyesha Agosti, njia imekauka na kila bonde linaonekana uwanja. Masika utaona bodaboda inakwama wapi, maji yanasimama wapi, na kama mto mdogo usiokuwa na jina unapita katikati ya "eneo la kujenga". Kama huwezi kungoja, angalia shina za miti: mstari wa matope unaonyesha maji yalifika wapi. Nyasi za majimaji na matete ni ushahidi pia.

Chimba shimo la futi tatu. Ukikuta kichanga, msingi ni rahisi ila choo kinabomoka, kijengewe kwa tofali. Ukikuta udongo mweusi wenye nyufa za kupitisha kiganja wakati wa kiangazi, jua kwamba unavimba mvua ikinyesha na kusinyaa ikikatika, na ukuta utapasuka kila mwaka. Hapo limia, nyumba itafutie sehemu iliyoinuka.

Kuhusu maji, usiulize kama "yapo". Uliza kisima cha jirani kina urefu gani, kinakauka mwezi gani, na uyaonje. Karibu na pwani, hasa Bagamoyo na Kigamboni, visima vingi vina chumvi, na kuchimba zaidi mara nyingine kunaleta chumvi zaidi. Kisima cha kuchimbwa kwa mashine kinahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde husika.

Umeme ukiwa kijijini na nyumba ikiwa ndani ya mita 30 kutoka nguzo, kuunganishiwa ni shilingi 27,000. Ukihitaji nguzo za ziada hesabu inabadilika kabisa. Basi pima umbali kwa futi, si kwa macho.

Mara nyingi shamba huja na nyumba au pagale. Pagale lithamini kwa tofali zake. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 ukitoa tofali 30 hadi 40 za inchi sita, tofali ni nzuri. Mafundi wa haraka hutoa 60. Chukua moja iliyobaki, iangushe kutoka usawa wa kiuno kwenye ardhi ngumu: nzuri hukatika vipande viwili au haikatiki, mbaya hugeuka mchanga. Kwaruza ukuta kwa msumari. Tafuta ufa wa ngazi unaoshuka kutoka kona ya dirisha, huo unatoka kwenye msingi, haupakwi rangi ukaisha. Angalia kama kuna lenta ya zege yenye nondo juu ya milango na madirisha au ni mbao tu. Panda darini uguse kenchi kwa bisibisi, kwani Pwani mchwa ni jirani wa kwanza kuhamia. Choo cha shimo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, cha kwako na cha jirani.

Siku ya kulipa

Wakili aandae mkataba, na uwe na kitambulisho cha NIDA cha muuzaji na mnunuzi, picha zao, alama za dole gumba, vipimo vya pande zote, majina na sahihi za majirani wa pande nne, viwianishi, miti iliyopo na ya nani, makaburi, na njia ya kuingilia. Njia husahaulika sana. Shamba la nyuma lisilo na njia iliyoandikwa litakufanya uombe ruhusa ya kupita maisha yako yote.

Kwa ardhi ya kijiji, chukua nakala ya muhtasari wa kikao cha halmashauri kilichoridhia. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Novemba 2024, kwa hiyo hakikisha waliosaini ndio walio madarakani, na karatasi zote za zamani zenye mhuri zikathibitishwe kwa mtendaji wa sasa.

Hela ipite benki. Lipa kwa awamu mbili: ya kwanza mkataba ukisainiwa mbele ya mashahidi, ya pili baada ya muhtasari kukabidhiwa na mipaka kuonyeshwa tena. Muuzaji anayesema "leo leo, kuna mtu wa Dar anakuja kesho" aachiwe huyo mtu wa Dar.

Ile "asilimia 10 ya mwenyekiti" haimo kwenye sheria ya ardhi. Ada halali ya kijiji ina stakabadhi, na ya halmashauri ya wilaya au mji ina namba ya malipo ya serikali. Dalali patana naye mwanzoni nani anamlipa na kiasi gani, kwa maandishi, kisha muulize mwenye shamba mbele yake bei aliyotaja. Pengo kati ya bei mbili ndicho "cha juu", hela anayojiongezea dalali.

Kodi ya ongezeko la mtaji kisheria ni ya muuzaji: asilimia 10 ya faida, au asilimia 3 ya thamani ya mauzo kwa asiye na kumbukumbu za gharama. Shamba la kilimo lenye thamani chini ya milioni 10 lililolimwa miaka miwili kati ya mitatu ya mwisho limesamehewa. Ushuru wa stempu wa kawaida kwenye uhamisho ni asilimia 1. Yaandikwe kwenye mkataba nani analipa nini, la sivyo siku ya kuhamisha hati muuzaji yuko Mtwara na simu haipatikani.

Baada ya kununua

Kwa ardhi ya kijiji, omba hatimiliki ya kimila, ndiyo hati yake. Kama kijiji kina cheti cha ardhi na masjala, jina lako liingizwe kwenye rejista. Hatimiliki hiyo inaweza kutolewa bila ukomo wa miaka, tofauti na hati ya miaka 33, 66 au 99.

Kisha liguse shamba. Ardhi ya kijiji iliyoachwa miaka mitano inaweza kuhesabiwa imetelekezwa, na aliyekaa ndani ya ardhi yako miaka 12 bila kusumbuliwa anaweza kukuzuia mahakamani. Panda minyaa au michongoma mpakani mwanzo wa mvua za vuli, Oktoba au Novemba, mita moja ndani ya mpaka wako ili jirani asidai umemwingilia.

Ukimweka mlinzi, mwandikie mkataba wenye mshahara au ruhusa ya kulima, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Mruhusu mihogo, kunde, mahindi, mazao ya msimu. Mikorosho, minazi na miembe upande wewe, kwa hela yako, na uweke risiti za miche. Mlinzi aliyepanda minazi 40 kwa mkono wake, siku ukimwambia aondoke, atakuonyesha minazi 40 na kukuuliza bei ya kila mmoja.